Nini kilinituma: shajara ya kijitabu cha nafsi, Kigoma

4 Februari

Tumeanza. Watu watano, benchi mbili, chini ya mwembe nyuma ya duka la vifaa vya uvuvi hapa Mwanga. Mwenye duka ametupa uwanja bure kwa sharti moja: ikifika saa kumi na mbili jioni tuwe tumeondoka, anafunga geti. Bajeti ni shilingi laki tatu na nusu, zote za mifukoni mwetu. Tunataka kijitabu cha kurasa 48, nakala 60, kinachoeleza nadharia ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna, kuhusu nafsi ya mtu na msingi wa tiba ya mazungumzo iliyotokana nayo. Wasomaji ni washauri wa kujitolea wa misikitini, parokiani na kwenye vikundi vya akina mama. Kila wiki watu hawa wanafuatwa na wenzao wenye mizigo mizito, na wengi hawajawahi kupewa hata ukurasa mmoja wa kuwasaidia kuelewa wanachokisikia.

Waliopo benchini: mimi, ambaye ni muuguzi, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mzee mstaafu wa bandari, mama anayeuza dagaa Kibirizi, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi chao cha kuweka na kukopa na kwa hiyo anazijua ndoa zote za ufukweni, na kijana wa kwaya, mwenye kompyuta.

Tulifungua kwa makaratasi niliyopewa kwenye semina moja miaka ya nyuma. Ukurasa wa kwanza unasema Freud aligundua kwamba sehemu kubwa ya akili ya binadamu imepoteza fahamu. Mama akavua miwani.

"Yaani sote tumezimia?"

Makaratasi yale nimeyarudisha kwenye begi.

6 Februari

Kikao kifupi, mvua. Tumegombania neno la jalada. Vitabu vya vyuo vinasema "haiba". Mtaani ukisema binti ana haiba umemsifia sura na mwendo, na hakuna anayekuja kwa mshauri kwa sababu ya mwendo. Mzee akapendekeza "hulka", lakini hulka mtu huzaliwa nayo, na hoja nzima ya Freud ni kwamba mtu hazaliwi amekamilika: anajengeka kwa mivutano ya ndani, hasa ya utotoni, kati ya anachokitaka na anachokatazwa. Tumeandika "namna mtu alivyojengeka". Haiba litatajwa mara moja, ili atakayekwenda chuoni alitambue.

11 Februari

Sura ya kwanza, mtu mwenyewe. Nimejizuia nisiandike wasifu mrefu. Amezaliwa 1856 Freiberg, Moravia, mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech, akakulia Vienna, daktari mwaka 1881, mwaka 1885 akaenda Paris kwa Charcot, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, akashuhudia viungo vilivyopooza bila ugonjwa wa mishipa hiyo vikiamshwa kwa maneno matupu mbele ya wanafunzi. Hilo ndilo lililomkamata: kama neno linaweza kuinua mkono, basi kilichoulaza mkono ule nacho huenda kilikuwa kitu cha namna ya neno.

Halafu binti anayeitwa vitabuni Anna O., ambaye daktari Josef Breuer, mwenzake Freud, alimsikiliza kuanzia 1880 hadi 1882. Mkono umekufa ganzi, kikohozi, anasahau lugha yake mwenyewe na kuongea Kiingereza. Akisimulia dalili ilianzaje, inalegea. Ni yeye aliyeupa mtindo ule jina la "tiba ya kuongea", na kwa mzaha akauita kufagia dohani, yaani bomba la moshi. Mama hajawahi kuona dohani. "Ni kukwangua ukoko," akasema, na kweli, ukoko unaokwanguliwa bado una moto.

Ubishi ulikuja mwishoni. Kijana anataka tuishie hapo, binti amepona, inapendeza. Lakini hakupona pale. Breuer alipomaliza, alilazwa kwenye sanatoriamu Uswisi, na ilichukua miaka kabla hajasimama. Jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim, na baadaye akawa mtetezi mkubwa wa wanawake, akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani mwaka 1904. Nimesema yote yanaingia. Mshauri anayeambiwa kwamba watu hupona kwa kusimulia mara moja atakata tamaa mwezi wa pili.

18 Februari

Sura niliyokuwa naiogopa. Idi, ego, superego. Kwenye semina maneno haya matatu huandikwa ubaoni kama majina ya dawa, watu wanayanakili, chai inaletwa. Leo nilipolitamka la kwanza mzee akaniuliza kwa utulivu, "Idi ipi, ndogo au kubwa?"

Bahati nzuri jana usiku nilikuwa nimerudi kwenye kitabu cha 1923 ambamo Freud aliyapanga. Yeye hakutumia Kilatini. Aliandika Kijerumani cha nyumbani: das Es, das Ich, das Über-Ich. Es ni kiwakilishi kidogo tu, ambacho Mjerumani hukitanguliza akisema mvua inanyesha. Ich ni mimi. Über-Ich ni kilicho juu ya mimi. Kilatini kilikuja na wafasiri wa Kiingereza, James Strachey na wenzake, na sisi tukakipokea kama kwamba ndicho kilichoteremshwa.

Nikauliza: tukikifuta, Kiswahili kinasemaje?

Mwalimu akaanza kueleza ngeli. Mama akamkatiza. "Mwalimu, samahani. Mtu akishafanya jambo lake, kapiga mtu, kauza mtumbwi wa watu, kaikimbia nyumba, ukimwuliza anakwambiaje? 'Sijui nini kilinituma.'"

Nadhani tulikaa kimya dakika nzima. Hicho "ki" ndicho. Hakina jina wala jinsia, hakijulikani kinakaa wapi, lakini kinatuma, na anayetumwa ni mimi. Freud mwenyewe alilichukua neno lake kwa daktari mwenzake, Georg Groddeck, aliyekuwa akisema mtu hajiendeshi bali anaendeshwa na nguvu asizozijua. Sisi hatukuhitaji kwenda Ujerumani, tumekuwa tukilisema neno hilo polisi na kwa wajumbe siku zote. Kijitabu kitasema "Kile".

Ich ni Mimi, halikujadiliwa. Über-Ich lilileta vurugu. Mzee alitaka "mzee wa ndani": sauti ya baba iliyohamia ndani, baba akishakufa inabaki. Mama akakataa. "Anayenisuta mimi hadi leo ni bibi yangu." Tumekubaliana "Mkubwa", maana mkubwa anaweza kuwa yeyote. Nimeongeza mistari miwili kwamba Mkubwa si dhamiri tu. Dhamiri inakusuta kwa ulichofanya, Mkubwa anakuadhibu hata kwa ulichotamani, na sehemu yake kubwa nayo huijui. Ndiyo maana kuna watu wema kabisa wanaoishi kama wafungwa.

Freud alieleza uhusiano wa Mimi na Kile kwa mfano wa mpanda farasi, ambaye mara nyingi hulazimika kumpeleka farasi anakotaka farasi. Kigoma farasi hatuna. Mzee akatupa mtumbwi wa tanga: upepo ni Kile, nahodha ni Mimi, Mkubwa amekaa shetrini anakemea, na mawimbi ni dunia. Ule ujanja wa mpanda farasi umeingia vizuri hasa, kwa sababu kila mtu hapa anamjua nahodha ambaye upepo ukimpeleka Bangwe anatangaza kwamba Bangwe ndiko alikokuwa anakwenda.

20 Februari

Umeme umekatika, kijana hakuwa amehifadhi, sura ya Kile imepotea. Flashi nilikuwa nimeisahau nyumbani, mara ya pili mfululizo. Mzee anasema nimeisahau kwa sababu nisizozijua, na kwamba huyo Freud wangu aliandika kitabu kizima mwaka 1901 kuhusu kusahau na kukosea kwa namna hiyo. Ni kweli, nilimsimulia mimi mwenyewe. Nimeandika upya kwa mkono, daftari kubwa.

27 Februari

Neno "fahamu" limetukwama kooni tangu siku ya kwanza: tunatafuta namna ya kuitaja sehemu ya akili ambayo mwenyewe haijui. Ile picha ya mlima wa barafu ambayo vitabu vya saikolojia huibandika tumeikataa. Barafu hapa ni ya kwenye vifuko, ya kunyonya. Tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, halafu tuazime barafu? Nikapendekeza "kilindi": juu kuna kinachoonekana, katikati kuna yale yanayoletwa kwa kukumbushwa kidogo, chini ni kilindi.

Mzee hakuridhika. Amefanya kazi miaka na boti za watafiti, anajua kwamba maji ya juu na ya chini ya Tanganyika karibu hayachanganyiki, na ukishapita kiasi cha mita 200 hakuna oksijeni, samaki hawaishi. "Kilindi chako kimekufa. Na huyu bwana anasema chake kiko hai." Ana haki. Kwa Freud, huko chini hakuna kinachozeeka: tamaa ya mtoto wa miaka mitatu iko mbichi ndani ya mtu wa miaka sitini, kana kwamba muda haupiti.

Mama ndiye aliyetuokoa, kwa dagaa. Mchana huwaoni, wako chini, usiku wanapanda, na mvuvi anawasha taa kuwakusanya. Basi nikaiweka hapo ndoto. Kitabu cha ndoto, chenye tarehe ya 1900 ingawa kilitoka Novemba 1899, ndicho Freud alichokiona kuwa kikubwa kuliko vyote alivyoandika. Mtu akilala, mlinzi wa ndani anayevizuia vya chini husinzia, navyo vinapanda, ila vinapanda vimejifunika, ili mlinzi asishtuke. Kilindi limebaki kama jina, na tumeandika wazi kwamba ni kilindi cha mfano.

Lakini kilichokula jioni yote ni neno la kile kitendo chenyewe, cha kulisukuma jambo chini. Makaratasi ya semina yanasema "ukandamizaji". Mwalimu anasema akisikia ukandamizaji anamwona mkoloni. "Kusahau" halifai, kwani aliyesahau hana nguvu anayoipoteza. Mzee alikuwa anatazama upande wa bandari.

"Mnaijua Liemba ilivyozamishwa?"

Kila mtoto wa Kigoma anaijua, ila sikuwahi kuisikia kwa masikio haya. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha, ikaungwa hapa Kigoma, ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi wakazipaka injini grisi nene. Ndani ya matope injini haikufa. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini, ikibeba watu na mizigo, kwa jina jingine.

"Kwa jina jingine," mwalimu akarudia polepole.

Hapo sikuhitaji kufundisha. Kilichozamishwa hakifi, kinahifadhiwa na grisi yake, na kikirudi hakirudi kwa jina lake: kinarudi kama maumivu ya kichwa kila Jumapili, kama hasira kwa mtoto wa mwisho, kama mkono uliokufa ganzi. Neno letu ni "kuzamisha".

Mimi nina kasoro moja na mfano huu, na nimeiandika kwenye kijitabu ingawa mzee amenuna. Mafundi wa Götzen walijua wanafanya nini. Anayezamisha jambo la nafsi hajui kwamba amezamisha, angejua isingekuwa kuzamisha, ingekuwa kujizuia tu, kama tunavyojizuia sote msibani.

5 Machi

Hatua za ukuaji wa mtoto kwa Freud: mdomo, haja kubwa, uume, utulivu, ukomavu. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Nusu ukurasa inatosha. Wachanganuzi wa nafsi waliokuja baadaye wenyewe hawakukubaliana na Freud hapa. Karen Horney alimpinga waziwazi kuhusu wanawake. Na ile habari ya mtoto wa kiume kumwonea baba wivu kwa sababu ya mama, mwanaanthropolojia Malinowski aliitilia shaka mwaka 1927 kwa kutumia visiwa vya Trobriand, ambako anayemtawala mtoto ni mjomba, na chuki inakwenda kwa mjomba.

Nafasi iliyookolewa nimempa Mary Ainsworth, maana huyu alikuwa jirani. Alifuatilia watoto wachanga 28 katika vijiji karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, nyumba kwa nyumba, akiangalia mtoto anamlilia nani, anamkimbilia nani akiogopa, anathubutu kutambaa mbali mama akiwa wapi. Alikuwa amefanya kazi London na John Bowlby, mchanganuzi wa nafsi aliyehama kutoka tamaa za mtoto kwenda kwenye uhusiano wa mtoto. Watu wengi husoma habari za majaribio yake ya Marekani bila kujua kwamba mambo makubwa aliyaona kwanza hapa Afrika Mashariki, sebuleni mwa watu. Kurasa mbili.

12 Machi

Kinga za Mimi, yaani hila ambazo Mimi hujilinda nazo. Anna Freud, binti yake, alizipanga vizuri katika kitabu cha 1936. Nilitenga siku mbili, zimekwisha kwa nusu saa, kwa sababu kazi ilikuwa imefanywa na wahenga. Kujipa sababu: sizitaki mbichi hizi. Kumpachika mwenzako ya kwako: nyani haoni kundule. Tulikwama kwenye ile ya kugeuza hisia kuwa kinyume chake, hakuna methali iliyokaa sawasawa. Mama: "Andika mke mwenza anayempakulia mtoto wa mwenzake nyama kubwa kuliko wote, huku mkono unatetemeka." Imeandikwa hivyo hivyo, pamoja na mkono.

19 Machi

Nilijua siku hii itafika. Kijana wa kwaya ameuliza: haya yote tofauti yake na pepo ni nini? Mtu anapandwa, anasema kwa sauti isiyo yake, anadai vitu ambavyo yeye mwenyewe asingethubutu kuviomba, anapungwa, anatulia.

Sikutaka kujibu kama mtu wa hospitali. Mwaka 1923 Freud aliandika kuhusu mchoraji wa karne ya 17, Christoph Haizmann, aliyesema ameandikiana mkataba na shetani. Hakumcheka. Alisema wale waliowaita mashetani walikuwa wameona jambo la kweli: ni matamanio mabaya yaliyokataliwa na kuzamishwa. Wao waliyaweka nje ya mtu, yeye anayaweka ndani. Tofauti ni hiyo moja, nayo si ndogo. Pepo akitoka nje ameondoka na madai yake, na mke aliyedai kanga kwa sauti ya pepo amepata kanga bila kugombana na mumewe. Tiba ya Freud inamtaka yule mke aje siku moja aseme kwa sauti yake mwenyewe: mimi ndiye niliyetaka.

Mama akasema, "Hiyo ni ghali zaidi."

Ni ghali. Nimeliandika neno la mama bila jina lake. Kijitabu hakitawatukana waganga wala viongozi wa dini, na hakitasema pepo wapo au hawapo. Kijana hakuridhika, amesema atamuuliza padri.

2 Aprili

Mbalamwezi, Kibirizi hakuna dagaa, mama ana nafasi. Tumefanya jaribio la kwanza la kusikiliza.

Kanuni ya msingi ya tiba hii ni kusema chochote kinachopita kichwani bila kuchuja, hata cha aibu, hata cha kipuuzi. Mwaka 1913 Freud alieleza namna ya kumwambia mgonjwa: jifanye msafiri uliyekaa dirishani kwenye treni, unamsimulia aliye ndani mandhari yanavyobadilika. Huo ni mfano ambao Kigoma hauhitaji kutafsiriwa. Reli ilifika hapa 1914, na nusu ya maisha yetu tumeyaona kupitia dirisha lile.

Makubaliano: mama anasema, mimi nasikiliza, wengine wanakaa mbali pale kwenye nyavu. Kitakachoandikwa humu ni kile atakachoruhusu.

Tumeruhusiwa dirisha. Alichagua safari aliyokwenda akiwa na miaka tisa, kupelekwa Tabora kwa shangazi. Kigoma inapotea nyuma, michikichi, halafu Uvinza na moshi wa chumvi. Viatu vinabana, si vyake. Malagarasi: daraja, maji ya rangi ya chai ya maziwa, mtu amesimama na baiskeli. Nguruka: wanawake wanapandisha mahindi ya kuchemsha dirishani, mmoja amefunga kitenge cha njano.

Akanyamaza.

Nilikuwa nimefundisha watu wengine kuhusu kimya. Nimeandika ukurasa mzima kwamba kimya si shimo la kufukia, kwamba mtu akinyamaza ndipo yuko karibu. Nilihesabu kimoyomoyo, sijui kama nilifika ishirini. Halafu nikajisikia nikisema, kwa ile sauti laini ya kazini: "Pole mama. Usimlaumu mama yako, na yeye alikuwa na yake."

Akanigeukia. "Mama? Mimi sijamtaja mama, mwanangu."

Kule kwenye nyavu mzee akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

3 Aprili

Sikulala vizuri. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mama niliyemtaja jana alikuwa wangu. Hilo halihitaji profesa. Mwaka 1910 Freud aliwaonya madaktari wenzake kwamba yaliyozamishwa na msikilizaji huamka anapomsikiliza mgonjwa, na kwamba hakuna anayeweza kumfikisha mtu mbali kuliko pale alipoishia yeye mwenyewe. Nimekuwa nikiitaja kanuni hiyo mwaka wa nane sasa.

Jambo la pili ni la lugha, na linanisumbua zaidi. Kazi yetu kwa Kiswahili inaitwa ushauri nasaha. Yaani nasaha juu ya ushauri, mawaidha mara mbili, jina lenyewe halina hata chembe ya kusikiliza. Mtu anakaa mbele yako akingoja umpe neno, na usipompa anaona umemnyima, na wewe unaona hujafanya kazi. Watu wa Vienna walifika kwenye tiba hii kwa jina la mgonjwa, kuongea. Sisi tumeingia kwa jina la mganga, kushauri.

9 Aprili

Uhamisho, yaani mtu kumwonea msikilizaji wake yale aliyoyaonea watu wake wa zamani: kumwogopa kama baba, kumbembeleza kama mama, kumtega kama kaka. Freud alijifunza kwa kushindwa. Mwaka 1900 alikuwa na binti anayeitwa vitabuni Dora, aliyeondoka baada ya wiki kumi na moja, na alipochapisha habari zake 1905 alikiri kwamba hakuuona uhamisho mapema. Baadaye hicho alichodhani ni kikwazo kikawa moyo wa tiba: ugonjwa unaletwa chumbani, ukiwa hai, mbele ya macho ya wawili.

Hapa ndipo benchi ilipowaka. Vienna mgonjwa alilala kwenye kochi lenye zulia la Kiajemi, Freud nyuma yake, haonekani. Alisema mwenyewe hakuvumilia kutazamwa masaa manane kwa siku. Alikuwa "Herr Professor", mgeni kabisa, na mgonjwa akianza kumfanya baba, jambo hilo lilijitokeza kama doa kwenye shuka jeupe. Kwetu? Wiki iliyopita mimi nilimpa shikamoo mgonjwa wangu. Yeye ni mama, mimi ni mwanangu, kabla hajafungua mdomo. Shuka letu limejaa maua tayari, doa utalionaje?

Mwalimu alisema basi nadharia haifai huku. Mzee alisema inafaa zaidi, kwa sababu sisi tumekiri wazi kile ambacho wao waliona haya kukikiri, kwamba hakuna anayeongea na mgeni. Mimi niko katikati. Nimeandika hivi: majina ya ukoo ni adabu, yaacheni. Tazameni yanapobadilika. Mama aliyekuwa anakuita "mwanangu", siku moja akakuita "bwana afya", kuna kitu kimepita hapo katikati. Na mshauri mdogo kwa umri ajue kwamba mtoto hamwachi mama yake anyamaze kwa uchungu, atamrukia kwa maneno, kama nilivyofanya.

16 Aprili

Je, inasaidia? Ukurasa mmoja. Freud alionana na wagonjwa karibu kila siku ya wiki, saa nzima, na hilo hapa halipo na halitakuwepo. Kilichobaki duniani leo ni mikondo mifupi, mara moja kwa wiki, inayoitwa tiba ya saikodainamiki, yaani ya misukumo ya ndani: kutafuta yanayojirudia, kuyataja yanapotokea kati ya wawili, kuvumilia kisichosemeka. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Jonathan Shedler alikusanya tafiti katika jarida la wanasaikolojia wa Marekani akaonyesha kwamba nafuu yake si ndogo kuliko ya tiba nyingine, na huendelea kukua baada ya vikao kwisha. Nimeweka pia pingamizi la mwanafalsafa Karl Popper, kwamba nadharia inayoeleza kila kitu haiwezi kukamatwa ikikosea. Mzee amelipenda kuliko kitabu chote.

Ukurasa wa nyuma, herufi kubwa: anayesikia sauti, anayetaka kujiua, aliyeacha kula, si wa benchi. Hospitali, leo hii, na umsindikize. Tumejadili kama tutaje Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili; hapana, jina lile peke yake huwafukuza watu.

25 Aprili

Faili limepelekwa steshenari. Kurasa 52, tumezidi. Bei imepanda elfu arobaini, mwalimu amelipa. Jalada halina neno "ushauri": limeandikwa "Kusikiliza", na chini yake, kwa herufi ndogo, "namna mtu alivyojengeka na yale yaliyozama". Kijana ameomba jina lake lisiwekwe. Padri amesoma sura ya pepo na kuomba nakala tano.

Nilipotoka pale nikashuka Kibirizi kumpelekea mama karatasi za kusahihisha. Alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mwavuli. Akasoma ukurasa wa treni amesimama, akaurudia.

"Umeandika kwamba ulinikatiza."

"Ndiyo, mama."

"Vizuri." Akakunja mwavuli, akavuta ndoo mbili, akageuza moja akakalia, nyingine akanisogezea. Si mbele yake; kando, sote tukitazama maji. "Tulikuwa tumefika Nguruka," akasema.

Yaliyofuata hakuyaruhusu kuingia humu. Nakala 60 zitakuwa tayari Jumatano.